Mtoto Tumboni na Sumu Isiyooza

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu wetu aliponiandikia alisema nizungumze juu ya "jambo lolote la afya" kwa muda usiozidi nusu saa. Nafikiri alitegemea nitazungumza malaria. Malaria mnaijua, na nitaigusa kwa vile haiwezekani kuikwepa, lakini si hiyo niliyoileta. Nimekuja kuzungumza juu ya mtoto kabla hajazaliwa, na juu ya kemikali fulani ambazo binadamu alizitengeneza viwandani, zikamzidi umri.

Wengi mnaijua kazi yangu. Nilimaliza kidato cha nne hapa mwaka 1974, nikaenda kusomea uafya, na tangu hapo nikawa bwana afya hadi nilipostaafu, sehemu kubwa Kibondo na miaka ya mwisho Kasulu. Bwana afya ni mtu asiyependwa sana, kwa sababu anaingia nyumba za watu na kuchungulia. Mimi nimechungulia sana, na mahali panaponitia mashaka kuliko chooni ni uvunguni mwa kitanda. Katika nyumba nyingi za kwetu Buha uvungu ndio ghala: kuna mbegu ya maharage, debe la mahindi, bomba la kupulizia dawa, na kopo ambalo karatasi yake ya maelezo ilikwisha banduka siku nyingi. Juu ya kitanda hicho analala mama mjamzito. Hotuba yangu inahusu hizo futi mbili kati ya kopo na mama.

Wazee wenzangu wanaukumbuka unga ule mweupe wa DDT na harufu yake. Vijana, kwa faida yenu: DDT ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1874, ikakaa bila kazi mpaka mwaka 1939, ambapo Mswisi mmoja, Paul Müller, aligundua kwamba inaua wadudu. Mwaka 1948 alipewa Tuzo ya Nobel. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikasambaa duniani kama chumvi. Ilipuliziwa kuta kwa ajili ya mbu, ikanyunyizwa kwenye mahindi kwa ajili ya funza wa mabua, ikachanganywa na nafaka ghalani. Ndugu yake dieldrini ilipuliziwa majumbani kule Pare na Taveta katika miaka ya 1950, na malaria ikashuka kwa kiasi ambacho watu hawakuwa wamekiona. Dawa za ukoo huo huo zilitumika pia kuua mbung'o sehemu nyingi za Afrika. Nasi Waha tunajua mbung'o ni nini: ni kwa sababu ya malale kwamba serikali ya kikoloni, kuanzia mwaka 1933, iliwahamisha watu wa Buha kutoka kwenye miji yao na kuwakusanya pamoja, miaka mingi kabla ya Operesheni ya mwaka 1972 iliyotuleta kwenye vijiji. Kwa hiyo mtu asije akasema kwamba waliotumia dawa hizi walikuwa wajinga au wabaya. Walikuwa na adui mlangoni.

Shida ya dawa hizi ni kwamba hazikujua kufa. Nazijumlisha pamoja na mafuta ya viwandani yaitwayo PCB, yaliyotiwa ndani ya transfoma za umeme na mitambo mingine kwa sababu hayashiki moto kwa urahisi. Wataalamu huziita kemikali sugu. Jua haliziozeshi haraka, bakteria wa udongoni wanashindwa nazo, na maji hayaziyeyushi. Zinapenda mafuta. Ukizimeza hazitoki na mkojo; zinakwenda kukaa katika mafuta ya mwili, na zikikaa hukaa miaka. Ndiyo maana zinapanda kutoka kiumbe hadi kiumbe: chembe kidogo katika mwani wa ziwani, nyingi zaidi katika dagaa, nyingi zaidi katika mgebuka aliyekula dagaa, na mwisho wa safari ni huyu aliyekula mgebuka kwa ugali. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya samaki wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, na mabaki ya DDT na PCB yalikuwamo. Tafadhali msiache kula dagaa kwa kunisikia mimi! Dagaa ni damu na mifupa ya watoto wetu, na hasara ya kumnyima mama mjamzito samaki ni kubwa kuliko hiyo ninayoieleza. Nataka mjue tu kwamba ziwa lile kubwa nalo lina kumbukumbu.

Sasa tuingie tumboni.

Zamani ilidhaniwa kwamba kondo la nyuma ni ukuta, kwamba mtoto yuko ngomeni na mama peke yake ndiye anayepigwa na dunia. Imani hiyo ilivunjika mwaka 1961, dawa iitwayo thalidomaidi ilipoondolewa madukani Ulaya baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa bila mikono au miguu kamili. Kondo la nyuma ni zaidi ya ukuta na pungufu ya ukuta. Ni soko. Chakula na hewa vinakwenda kwa mtoto, taka zinarudi kwa mama, na chochote chenye kupenda mafuta kinapita humo bila kuulizwa.

Hapa kuna jambo ambalo naomba mlishike, hasa ninyi wavulana wenye dada nyumbani. Sumu ya kawaida inamdhuru mtoto ikiwa mama ameinywa wakati wa mimba. Kemikali sugu haisubiri mimba. Mama anapobeba mimba mwili wake unafungua akiba ya mafuta aliyoiweka tangu utotoni, na pamoja na akiba hiyo unatoka mzigo wote wa miaka. Kwa hiyo kinachomfikia mtoto atakayezaliwa Kasulu miaka kumi ijayo kinaingia leo katika mwili wa msichana wa darasa la sita anayetumwa kuchota unga wa dawa kwa mkono na kuuchanganya na maharage. Na mtoto wa kwanza ndiye anayepokea sehemu kubwa kuliko wadogo zake, maana mzigo hupungua mama anapozaa na kunyonyesha.

Zikisha fika kwa mtoto zinafanya nini? Haziui kwa ghafla. Zinaingilia homoni, zile barua ambazo viungo vya mwili huandikiana. Baadhi zinafanana na homoni ya kike, zikaleta barua ya uongo. Nyingine zinavuruga homoni ya thairoidi, inayotoka katika tezi ya shingoni, ile inayovimba na kuwa rovu. Homoni hiyo inasimamia ukuaji wa mwili na wa ubongo. Aidha, wataalamu wanashuku kwamba kondo lenyewe na mishipa yake huathirika, hata chakula kikapita kidogo kuliko inavyotakiwa. Mtoto hukamilisha maungo yake katika miezi mitatu ya kwanza. Uzito mwingi anaupata miezi mitatu ya mwisho. Akibanwa wakati huo anazaliwa mzima lakini mdogo, au anazaliwa kabla ya siku zake.

Ushahidi uko wapi? Ule wa kutisha zaidi ulitoka Japani mwaka 1968 na Taiwan mwaka 1979. Mara zote mbili mafuta ya kupikia yalichanganyika na PCB kiwandani, maelfu ya watu wakaugua, na akina mama waliokuwa wajawazito wakazaa watoto wadogo wenye ngozi iliyogeuka rangi. Ile ilikuwa ajali, kipimo kikubwa kwa mara moja. Swali gumu lilikuwa hili: je, kipimo kidogo cha kila siku?

Kule Marekani, kando ya Ziwa Michigan, watafiti waliwachukua watoto wa akina mama waliokuwa wakila samaki wa ziwa hilo lenye PCB, wakawalinganisha na watoto wa akina mama wasiokula. Matokeo yalitolewa mwaka 1984: watoto wa wala samaki walikuwa pungufu kwa gramu kati ya 160 na 190, na vichwa vyao vilikuwa vidogo kidogo. Miaka mingi baadaye, mwaka 2012, kazi moja kubwa ya Ulaya iliunganisha takwimu za wanawake karibu 8,000 kutoka makundi 12, na ikaonyesha kwamba kila mikrogramu moja ya ziada ya aina moja ya PCB katika lita moja ya seramu ya damu ya kitovu iliambatana na upungufu wa gramu zipatazo 150.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, gramu 150 ni nini? Ni kikombe cha chai kisichojaa. Kwa mtoto wa kilo tatu na nusu si kitu. Lakini chukueni mtoto ambaye mama yake ameugua malaria mara mbili, ana upungufu wa damu, amepanda mlima na kuni mpaka wiki ya mwisho. Huyo angezaliwa na gramu 2,600. Mwondolee gramu 150, amebaki na 2,450, naye amekwisha pita chini ya 2,500, kiwango ambacho chini yake mtoto huhesabiwa kuwa na uzito pungufu na hatari zake huongezeka. Maskini hana akiba ya kupunguziwa.

Kuhusu DDT yenyewe ushahidi haukunyooka hivyo, na ni lazima niseme, maana nimechoka na watu wanaotisha wananchi kwa nusu ya habari. Mwaka 2001 lilichapishwa chunguzo la damu ya akina mama wa Marekani waliozaa kati ya mwaka 1959 na 1966, siku ambazo DDT ilikuwa inamwagwa kule bila hesabu. Damu ilikuwa imehifadhiwa kwenye barafu muda wote huo. Walipoipima DDE, yaani mabaki yanayotokana na DDT mwilini, wakakuta kwamba kadiri ilivyozidi ndivyo watoto njiti walivyozidi. Kwa akina mama wa kiwango cha juu kabisa uwezekano ulikuwa takriban mara tatu ya wale wa kiwango cha chini. Hali kadhalika watoto waliozaliwa wadogo kuliko umri wa mimba. Lakini ile kazi ya Ulaya ya mwaka 2012, yenye viwango vya chini zaidi, haikuona upungufu wa uzito wa kutegemewa kutokana na DDE.

Wanafunzi wa sayansi, hapo ndipo pa kusimama na kufikiri. Mama asiyeongezeka uzito wakati wa mimba huwa na mafuta machache, kwa hiyo kemikali iliyomo katika damu yake huonekana nzito zaidi. Na mama huyo huyo, kwa kutoongezeka, huzaa mtoto mdogo. Je, mtoto ni mdogo kwa sababu ya kemikali, au vyote viwili vina baba mmoja? Watafiti wamejitahidi kuyatenganisha, na kwa PCB wengi wanaona kwamba sehemu ya lawama inabaki kwa kemikali. Mimi nakubaliana nao, ingawa sitampiga mtu kwa kukataa.

Karibu na nyumbani, watafiti walipima maziwa ya akina mama 95 wa uzao wa kwanza katika Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru, Arusha. Mabaki ya DDT yalikuwamo. Walikuta pia kemikali sugu nyingine, zile zinazotiwa kwenye vifaa vya umeme na magodoro ili visishike moto upesi, na akina mama waliokuwa wakila udongo wakati wa mimba walikuwa na baadhi ya hizo kwa wingi zaidi. Udongo huo ni ule ule wa pemba unaouzwa sokoni Kasulu kwa mafungu. Nimewahi kuambiwa na wauzaji kwamba nawaharibia biashara. Naam.

Lakini jamani, mama anyonyeshe! Nasema hivi kwa sauti kwa sababu niliwahi kuona kijana mmoja msomi akitaka kumkataza mkewe kunyonyesha kwa ajili ya habari hizi. Ziwa la mama linaokoa maisha ya mtoto kuliko kitu kingine chochote tulicho nacho, na Shirika la Afya Duniani halijawahi kubadili msimamo huo kwa ajili ya kemikali hizi.

Nimesema nitaigusa malaria. Vimelea vya malaria hujificha ndani ya kondo la nyuma na kumnyima mtoto chakula. Mama wa mimba ya kwanza ndiye huumia zaidi. Sasa angalieni mtihani huu: dawa ya kuua mbu inaweza kumpunguza mtoto, na mbu mwenyewe anampunguza mtoto. Ndiyo maana Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kufanya kazi mwaka 2004, mwaka ambao Tanzania nayo iliuridhia, ulikataza kemikali 12 lakini ukaiachia DDT mlango mmoja: kupambana na wadudu waenezao magonjwa. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono tena kuipulizia ndani ya nyumba. Kule Limpopo, Afrika Kusini, ambako iliendelea kutumika, akina mama wa nyumba zilizopuliziwa wamekutwa na DDT nyingi katika damu kuliko majirani zao. Wazee wetu walilipa bei hiyo bila kujua. Sisi tunayo bahati ya vyandarua vyenye dawa isiyodumu mwilini, na tembe za SP anazopewa mjamzito kliniki. Kwa mama wa Kibondo, chandarua na SP ni ulinzi wa uzito wa mtoto mara mbili: vinamzuia mbu, na vinatuondolea haja ya kurudia dawa sugu. Anayekitumia chandarua kufugia kuku anajua ninamwangalia nani.

Je, hatari imebaki wapi hapa kwetu? Dawa nyingi za dukani siku hizi si sugu kama zile, ingawa zina makali yake kwa anayezivuta puani. Hatari ya sumu sugu imebaki katika vitu vya kale na katika moto.

Vitu vya kale kwanza. Mwaka 1986 shehena ya dawa za kilimo, nyingine zikiwa zimekwisha muda, ililetwa nchini kama msaada kutoka Ugiriki, ikawekwa shambani Vikuge, Mkoa wa Pwani. Banda likaanguka, mvua ikanyesha juu yake, DDT na ndugu zake zikazama ardhini. Hata baada ya mahali pale kusafishwa, watafiti waliopima udongo walikuta uchafu bado ni mwingi. Mwaka 2005 ulianza mpango wa Afrika nzima wa kukusanya dawa zilizokwisha muda, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza. Mpango wa namna hiyo hufika kwenye maghala makubwa. Haufiki uvunguni. Katika vijiji vya tumbaku na pamba, na huko Manyovu kwenye kahawa, bado mtu anarithi kopo la baba yake pamoja na shamba. Thiodani, ambayo wakulima waliipenda sana, iliongezwa katika orodha ya mkataba ule mwaka 2011, lakini kopo lililofichwa halisomi orodha. Kibaya zaidi, likiisha dawa linasuuzwa na kuwekewa mawese. Mafuta juu ya kemikali inayopenda mafuta!

Kisha kuna mafuta ya transfoma. Huko Kenya imeripotiwa zaidi ya mara moja kwamba wezi huyafyonza na kuyauza kwa wakaanga chipsi, kwa kuwa yanakaa muda mrefu bila kuungua. Si transfoma zote zina PCB, za zamani ndizo, lakini mlaji hana namna ya kujua. Sasa nguzo za umeme zimeenea hata huku juu. Yeyote atakayewaletea mafuta ya bei rahisi ya namna hiyo, hata kwa kuchua mgongo, mkataeni.

Na moto: mifuko ya plastiki, nyaya, chupa na makopo hayo hayo yakichomwa jalalani nyuma ya jiko hutoa dioksini, ambayo ni kemikali sugu isiyotengenezwa na mtu kwa makusudi. Anayechoma ni nani? Mama au binti. Kopo la dawa litobolewe lisitumike tena, wala lisichomwe.

Nguo za kupigia dawa zifuliwe na aliyezivaa. Najua nimewagusa wanaume wenzangu hapo, na naona wengine mnacheka. Mama mjamzito asishike bomba, asichanganye dawa, asifue ovaroli hiyo, na kopo litoke uvunguni leo jioni, liende kwenye banda lenye kufuli.

Ndugu Mwalimu Mkuu, ninayo maombi mawili. La kwanza, stoo ya zamani ya shamba la shule, ile ya nyuma ya mikaratusi. Katika siku zetu ilikuwa na madebe, na leo asubuhi nimechungulia kwa mazoea yangu, bado yamo matatu. Mabinti wa jirani hupita hapo kwenda kisimani. Naomba wanafunzi wasiyaguse. Waandike tu yanavyoonekana, yako wapi na mangapi, halafu barua iende kwa ofisa kilimo na ofisa afya wa wilaya ili yaondolewe na wenye vifaa vya kufanyia kazi hiyo.

La pili ni kwa wenzangu. Mtoto asiyepimwa siku ya kuzaliwa hana wa kumsemea. Hatutajua kamwe kama alipungua gramu 150 au 500, kwa malaria, kwa njaa au kwa dawa. Nimezungumza na waganga wa zahanati nne, mbili Kibondo na mbili Kasulu. Mizani ya watoto wachanga katika zahanati mbili imeharibika, na moja inaonyesha kilo nusu kabla hujaweka kitu. Napendekeza chama chetu kinunue mizani minne, na madaftari ya kuandikia uzito, wiki za mimba, na kazi ya mama. Hiyo safu ya mwisho ndiyo ninayoitaka mimi: kama alikuwa shamba la tumbaku, iandikwe.

Ndugu Mtunza Hazina ameketi mlango wa kushoto na kitabu cha risiti. Nimekwisha lipa changu, namba ya risiti ni ya kwanza. Kama kuna maswali, nayakaribisha kabla ya chakula.